Madarasa ya mbio kwa watu wazima: klabu za Arusha zilianzaje, na zilibadilika vipi?

KatibuWaRau (Moshi) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya mbio hapa Moshi. Wanachama wetu wengi ni watumishi wa ofisi, walimu na wafanyabiashara wa sokoni, na mazoezi yetu hadi sasa ni yale ambayo kila mtu anayajua: tunakutana alfajiri, tunaanza mchakamchaka kwa pamoja, wenye mbio wanatangulia, na waliobaki nyuma wanajitegemea hadi mwisho. Kila mwaka ifikapo Januari watu wapya humiminika kwa sababu Kilimanjaro Marathon inakaribia, na ifikapo Aprili tunabaki wale wale. Hali hii imedumu kiasi kwamba baadhi ya viongozi wenzangu wanaamini ndivyo mbio zilivyo, kwamba anayeziweza atabaki na asiyeziweza ataondoka. Mimi sikubaliani nao.

Mkutano wetu uliopita uliamua tuanzishe madarasa rasmi ya watu wazima, yaani watu wa miaka 30 hadi 60 na zaidi ambao hawajakimbia tangu walipomaliza shule. Nimesikia kwamba Arusha kuna klabu zenye madarasa ya aina hiyo kwa miaka kadhaa sasa. Ninachoomba si ratiba zao za leo, kwa sababu ratiba iliyokwisha kukomaa haionyeshi sababu zilizoizaa. Ningependa kufahamu madarasa yalianzaje, kitu gani kilibadilishwa kwanza na kwa nini, na kipi kilijaribiwa kikaachwa. Nina maswali mengine mawili ambayo yametugawa katika kamati: je, ada inasaidia au inafukuza watu? Na je, mwalimu aliyekuwa mwanariadha wa ushindani anawafaa watu wa aina hii?

Natanguliza shukrani.

MratibuNjiro (Arusha) amejibu:

Ndugu Katibu, karibu sana. Mimi ni mmoja wa waratibu wa madarasa katika klabu ya hapa Arusha. Sitaitaja jina kwa kuwa sijatumwa kuisemea, lakini historia yake ninaijua kwa karibu.

Mwanzoni hapakuwa na darasa lolote. Palikuwa na kundi la marafiki waliokutana nje ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mwalimu mmoja, mkimbiaji mstaafu kutoka upande wa Mbulu, aliyeombwa awasaidie. Aliwafundisha kama yeye alivyofundishwa: mzunguko wa mita 400 kwa kasi, mapumziko mafupi, kisha mzunguko mwingine, hadi atakapopuliza filimbi ya mwisho. Mazoezi hayo ya vipindi yana heshima yake katika riadha. Kocha Woldemar Gerschler wa Ujerumani aliyatumia miaka ya 1930 kumwandaa Rudolf Harbig, ambaye mwaka 1939 alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6, rekodi ya dunia ambayo haikuvunjwa hadi 1955. Lakini Harbig alikuwa kijana wa miaka 25 aliyekwisha kujengeka. Karani mwenye kitambi na presha ya kupanda ukimwingiza katika mazoezi hayo wiki ya kwanza, usitarajie kumwona wiki ya tatu. Wengi walikuja mara chache, wakaumia ugoko au goti, wakapotea kimya kimya, na hakuna aliyeuliza walikokwenda.

Idadi ya watu iliongezeka baada ya Desemba 2016, wakati Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Ofisi nyingi zilileta watumishi wao uwanjani. Hapo ndipo neno "darasa" lilipoanza kutumika, ingawa kusema kweli lilikuwa ni kundi lile lile likiwa limenenepa.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na daftari la mahudhurio, na daftari lenyewe halikuanzishwa kwa nia hiyo. Mweka hazina alitaka kujua nani anastahili kupewa fulana ya klabu, kwa hiyo akawa anaandika majina watu wanapofika na tena wanapomaliza, kwa mpangilio wa kurudi kwao. Baada ya miezi kadhaa ilionekana wazi kwamba waliopotea walikuwa karibu wote ni wale ambao majina yao yalikuwa chini ya ukurasa, yaani waliorudi mwisho. Umri haukuwa sababu, wala uzito. Kulikuwa na wazee wa miaka 60 waliodumu na vijana walioacha. Waliokuwa wakiondoka ni wale waliofika uwanjani wakakuta wenzao wamekwisha kunyoosha viungo, wamekunywa chai na wameanza kutawanyika. Tangu siku hiyo swali la kwanza katika kikao cha waratibu limekuwa moja tu: nani hajarudi?

Hatua ya kwanza, basi, haikuhusu mwendo wala umbali. Aliteuliwa mtu wa kukimbia nyuma ya wote, ambaye sisi tunamwita mkia, na ikawekwa kanuni kwamba hakuna kunyoosha viungo hadi mkia afike. Kanuni hiyo iliwaudhi wenye kasi kwa muda, na wachache walihama. Mkia hubeba kimfuko mgongoni chenye chupa ya maji, glukosi, bandeji, na pesa za bodaboda kwa ajili ya mtu atakayeshindwa kuendelea. Pesa hizo hazitumiki mara nyingi, lakini mtu akijua zipo hukimbia bila hofu ya kuachwa Kijenge akiwa na bukta tu.

Baadaye ndipo tukafika kwenye suala la kukimbia na kutembea kwa zamu. Mwalimu wetu alilipinga kwa muda mrefu, kwani kwake kutembea ni kushindwa. Lakini njia hii si ya kubuni. Jeff Galloway wa Marekani, aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya 1972, alianza kuwafundisha hivyo watu wasiowahi kukimbia mwaka 1974. Mwaka 1996 Mmarekani mwingine, Josh Clark, aliandaa mpango wa wiki tisa wa kumfikisha mtu kilomita 5, ambao wiki yake ya kwanza ni sekunde 60 za kukimbia na sekunde 90 za kutembea, zikirudiwa kwa dakika 20. Tulianza na mpango huo kama ulivyo, kisha tukaurefusha, kwa sababu Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi na karibu kila barabara ina kilima. Mtu mpya wa hapa huishiwa pumzi kabla miguu haijachoka. Kipimo chetu cha mwendo ni mazungumzo: kama huwezi kumweleza mwenzako jambo kwa sentensi nzima bila kukatika, umekwenda kasi mno. Hili ndilo gumu kuliko yote kulifundisha. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na kila mgeni wa darasa letu huanza kama Bayi, ila yeye huishia kilomita ya kwanza.

Jambo la tatu lilitokana na korona. Serikali iliposimamisha michezo Machi 2020, kila mtu alibaki kukimbia peke yake, na sisi tukawa tunatuma mpango wa wiki kwenye kundi la WhatsApp. Tulitarajia kwamba michezo itakaporuhusiwa tena tutawakuta wamezorota. Iliporuhusiwa mwezi Juni, waliofuata mpango, na hasa wale wa nyuma, walirudi wakiwa na pumzi kuliko walivyoondoka. Maelezo yetu ni kwamba kwa mara ya kwanza hawakuwa wakimfukuzia mtu. Kwa hiyo tulipokusanyika tena hatukurudi kwenye kundi moja. Tuligawa madarasa matatu, kila moja na njia yake na saa yake ya kuondoka, ili wote wamalizie kwa pamoja.

Kuhusu Januari unayoilalamikia: hilo tulilimaliza kwa kalenda. Mtu anayeanza Januari ili akimbie kilomita 21 mwishoni mwa Februari ana wiki nane hivi, na muda huo haumtoshi mtu asiyewahi kukimbia. Darasa letu la wanaoanza hufunguliwa Septemba, baridi inapopungua na kabla ya vuli, na lengo lake ni kilomita 5 tu kabla ya Krismasi. Anayetaka nusu marathoni ataifikiria mwaka unaofuata. Wanaokuja Januari tunawapokea kwa heshima, lakini tunawaingiza katika mbio za kilomita 5, wapende wasipende.

MamaSakina (Arusha) amejibu:

Shikamoo kwa wakubwa, na kwa wengine habari zenu.

Kaka Mratibu ameeleza vizuri, ila ameruka sehemu ambayo kwangu mimi ndiyo iliyofanya darasa liwe darasa. Kwa muda mrefu wanawake tulikuwa wachache sana, na jibu lililotolewa kila mara ni kwamba akina mama hawapendi mbio. Sababu ilikuwa saa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ni giza, na mwanamke anayetoka peke yake Sakina au Mianzini kwenda mjini kwa miguu anahesabu mengi kabla ya kufungua geti. Aidha, hiyo ndiyo saa ya kuwaandaa watoto kwenda shule. Lilipoanzishwa darasa la saa kumi na moja jioni kwenye kiwanja cha shule, tulikuja wengi ndani ya wiki chache, na hakuna aliyehitaji kutushawishi.

Mbio ndefu nazo zilikuwa zikifanyika Jumapili. Kwa watu wa ibada ya kwanza hilo lilikuwa haliwezekani, kwa hiyo waliokuwa wakihudhuria ni wale wale wasio na majukumu kanisani. Ziliposogezwa Jumamosi malalamiko yakaisha. Mwezi wa Ramadhani darasa la jioni husogezwa mbele ili wenzetu waliofunga wamalize karibu na muda wa kufuturu, na mwendo hupunguzwa kwa wote. Mambo haya yanaonekana madogo kwa mtu anayefikiria mizunguko na sekunde, lakini ndiyo yanayoamua nani atakuwapo.

Kuhusu ada, sikubaliani na wanaosema kwamba ada humfanya mtu aheshimu mazoezi. Klabu ilipoanza kutoza ada ya mwezi, waliotoweka kwanza ni dada wa saluni na mama lishe, siyo watu wa ofisini. Baadaye ilibadilishwa, ikawa mtu analipa mara moja kwa msimu mzima wa darasa, kwa simu, kwa mafungu anayoyaweza, na asiyeweza anasaidia kazi kama kuandikisha majina au kukimbia mkia. Utaratibu huo umedumu. Ningependa Moshi muanze nao moja kwa moja badala ya kupitia njia yetu.

Neno la mwisho kuhusu raba. Msimwambie mtu mpya anunue raba za bei kubwa. Wengi wetu tulianza na za mtumba kutoka Soko la Kilombero, na kinachoangaliwa ni kama soli ya kisigino haijaliwa upande mmoja.

FizioWaMjini (Moshi) amejibu:

Katibu na wachangiaji wote, poleni na majukumu.

Ninafanya kazi ya fiziotherapia hapa Moshi, na kila mwaka mwezi wa tatu huwapokea watu wa Januari ambao Katibu anawataja. Nina mambo mawili ya kuongeza na moja la kupinga.

La kwanza linahusu njia yenyewe. Kilimanjaro Marathon, ambayo imekuwa ikifanyika hapa tangu 2003, hupanda kuelekea Mweka kisha hurudi mjini kwa mteremko. Watu wapya huogopa kupanda, na mazoezi yao yote huwa ya kupanda. Wanaofika kwangu wanalalamikia kushuka. Unaposhuka kwa kukimbia, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya kuzuia uzito wa mwili huku ukirefuka, na kazi ya aina hiyo huchana nyuzi ndogo za msuli kuliko ile ya kupanda. Ndiyo maana mtu anamaliza mbio akicheka, na kesho yake anashuka ngazi kinyumenyume. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka. Mteremko mfupi, kwa hatua fupi, ukirudiwa mara chache wiki kadhaa kabla ya mashindano, humpa mtu kinga inayodumu kwa wiki kadhaa. Darasa la Moshi lisilofundisha kushuka halijamfundisha mtu barabara yake mwenyewe. Arusha hawakulazimika kulifikiria hili kama sisi tunavyolazimika.

La pili ni joto. Moshi iko chini kuliko Arusha kwa mita mia kadhaa, na Januari na Februari ndiyo miezi yetu ya joto kali. Msinakili saa ya jioni ya Arusha bila kuipima. Kwetu saa kumi na moja jioni lami bado inatoa moto, na saa kumi na mbili kasorobo ingefaa zaidi.

Ninalopinga ni hisia inayojitokeza hapa kwamba mwalimu wa ushindani ni tatizo. Mwishoni mwa mwaka 1962 Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alimtembelea Arthur Lydiard kule Auckland, New Zealand. Lydiard ndiye aliyewafundisha Peter Snell na Murray Halberg, mabingwa wa Olimpiki ya Roma ya 1960, na wakati huo huo alikuwa akiwahimiza watu wa kawaida, wakiwamo waliowahi kuugua moyo, wakimbie taratibu. Bowerman alipojiunga nao kilimani alijikuta akiachwa nyuma, na aliyerudi kumsindikiza alikuwa mzee aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20. Aliporejea Oregon alianzisha madarasa ya namna hiyo kwa raia, na mwaka 1967 alitoa kitabu juu yake pamoja na daktari wa moyo, Waldo Harris. Kwa hiyo madarasa ya watu wazima tunayoyajadili yalitoka mikononi mwa makocha wa mabingwa. Mwalimu wa Mbulu anayesimuliwa hapo juu huenda alihitaji tu kuonyeshwa lile daftari mapema.

Wala vipindi vya kasi visitupwe. Mtu aliyekwisha kukimbia kwa miezi kadhaa bila maumivu anavihitaji, mara moja kwa wiki, na umri si kizuizi. Kabla ya hapo apimwe presha. Aliye na kisukari au aliyewahi kupata maumivu ya kifua aonane na daktari kabla hajajiandikisha, siyo baada.

KatibuWaRau (Moshi) amejibu:

Ndugu zangu, nimefarijika. Nitayapeleka haya yote kwenye kamati, na hoja ya kushuka kutoka Mweka nadhani itapita bila mjadala, kwa kuwa mwenyekiti mwenyewe mwaka huu alitembelea fimbo siku mbili baada ya mbio.

Mratibu, naomba ufafanuzi. Mwalimu wenu alibadilika, au alibadilishwa? Sisi mwalimu tuliye naye ni mtu wa heshima kubwa, na hakuna atakayethubutu kumwambia kwamba watu watembee. Isitoshe, tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03, kila mazoezi anataka tumalizie kwa kuchuana mita 200 za mwisho. Na daftari lenu lina nini hasa?

MratibuNjiro (Arusha) amejibu:

Ndugu Katibu, hakubadilishwa na mtu. Aliumia kisigino, na kwa msimu mzima hakuweza kukimbia mbele, hivyo aliombwa awe mkia. Akiwa kule nyuma alizungumza na watu ambao hakuwahi kuyajua majina yao, na msimu uliofuata yeye ndiye aliyependekeza zamu za kutembea, akizieleza kana kwamba ni wazo lake. Hatukumkumbusha. Ninashauri mumwombe mwalimu wenu akimbie mkia kwa mwezi mmoja, kwa maelezo kwamba wapya wanahitaji uzoefu wake, jambo ambalo ni kweli. Mchuano wa mita 200 mwachieni, lakini uwe wa darasa la juu peke yake, tena baada ya wote kufika.

Kuhusu kuteremka, Fizio amenifumbua macho, nasi tutaanza kutumia mteremko wa Ilboru kabla ya msimu.

Daftari lina safu nne tu: jina, siku aliyokuja, nafasi aliyorudi nayo, na alichosema wakati wa kunyoosha viungo kama ana maumivu yoyote. Asiyeonekana mara mbili mfululizo hupigiwa simu na mtu wa darasa lake, si na kiongozi, kwa sababu simu ya kiongozi humfanya mtu ajitetee. Mwenye kupiga haulizi kwa nini hukuja. Anamweleza njia ya Jumamosi na saa ya kuondoka.

Msimu wenu ukifunguliwa Septemba, nitumie ujumbe wiki moja kabla. Tuna watu wawili wenye ndugu Pasua ambao wangeweza kuja kuwakimbilia mkia Jumamosi za kwanza, mradi mtori uwepo.